Boneti ya Hortensia

Hortensia Bracamonte si mtu wa kuambiwa acha, akaacha. Ana miaka sabini na ushei, fundi cherehani mstaafu wa Tucson, mji wa jangwani, na mpaka leo akinunua pasi mpya huifungua kwanza aone tumboni mna nini. Kwa hiyo kiyoyozi cha gari kilipoanza kupuliza hewa ya moto katikati ya Juni, mwingine angelalama. Yeye alitamani kujua.

Ila safari hii alikuwa na hofu. Binti yake Maricela alikuja kwenye msiba wa baba yake, akabaki kumtunza mama yake. Tangu hapo vitu vya barazani vikaanza kupotea: kijiko cha kahawa, tondoo ya kukinga kidole akishona, ufunguo wa sanduku la barua. Maricela akaamua: mama amezeeka akili, Jumamosi gari linauzwa na wanahama pamoja kwenda kwake kaskazini. Kibaya zaidi, Hortensia naye alishaanza kujitilia shaka. Kila jioni aliacha boneti wazi kama majirani wote, na kila asubuhi aliikuta imefungwa. Aliifungua kweli, au aliota? Hilo hakumwambia mtu.

"Mama, toka juani. Gari linauzwa, unahangaika nalo la nini?"

"Nataka kujua limekuwaje. Ukimaliza kuninunia, liwashe, ubonyeze na kitufe cha baridi."

Maricela akawasha. Feni ikavuma kwa nguvu, kwa hiyo feni haina kesi. Hortensia akainamia injini, akatega sikio asikie ule mlio, ta, wa kompresa, ile pampu ya kiyoyozi, ikishika. Kimya. Mkanda ulizungusha puli, lakini kompresa yenyewe imelala fofofo.

"Gesi imeisha," Maricela akasema. "Kila mtu anajua ni gesi."

"Huyo kila mtu aje aniambie mwenyewe. Gesi ikivuja huacha mafuta kwenye bomba, na hapa pakavu. Zima gari."

Fyuzi aliikuta nzima. Basi akafuata waya kwa kidole kuanzia kompresa, taratibu, kama anavyofuata mshono uliofumuka. Waya ukazama kwenye rundo la vijiti, maganda ya mbegu na miiba ya dungusi.

"Panya wa jangwani," akanong'ona.

Akalichambua rundo kwa koleo. Waya ulikuwa umetafunwa, ncha mbili zinang'aa. Chini yake kikatoka kijiko. Kisha tondoo. Kisha ufunguo. Maricela aliviangalia vikipangwa juu ya betri.

"Ni wadokozi hawa, hupenda vinavyong'aa," Hortensia akasema. "Ndiyo maana huku tunaacha boneti wazi usiku, panya hakai pasipo na giza la kujificha. Na mimi naifungua, mwanangu. Naapa naifungua. Lakini asubuhi naikuta imefungwa. Labda kweli nimeanza kupotea."

Maricela akakaa chini palepale.

"Ni mimi, Mama. Nilikuwa naifunga ukishalala. Nilidhani unasahau. Tulikokuwa tukiishi zamani, katikati ya mji, hatukuwa na panya hao."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na kila siku nilikuwa nalia."

Hortensia alimtazama sana. Hasira ilimpanda, halafu kicheko kikaipita njiani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Nami nilikuwa nakupikia maharagwe. Lete utepe wa nyaya."

Waliziunga zile ncha pamoja, wakawasha. Ta. Hewa ikaanza kupoa, ikawa baridi, na Hortensia akakaa usukani akaiacha impige usoni, machozi yakimtoka wala hayafuti.

Jioni ile Maricela alimpigia mnunuzi simu, akamwambia asije. Mama yake alimsikia kutoka jikoni. Alienda kulala bila kutoka nje kufungua boneti.

Asubuhi, kabla ya kahawa, alichungulia dirishani. Boneti ilikuwa wazi.