Kichwa cha Khani

Mjomba wangu Evlogi anatengeneza lifti mjini Shumen. Kazi hiyo huifanya peke yake ndani ya shimo refu lenye giza, na labda ndiyo sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu mzima haangalii katuni. Kila Jumamosi, akishaoga na kutoa grisi mikononi, hukaa mbele ya televisheni na sahani ya pilipili hoho za kuchoma, akiangalia *Bendera ya Mkia*. Huo ni mfululizo wa katuni kuhusu makhani, yaani wafalme wetu wa kale, uliotengenezwa enzi za chama kimoja na wachoraji ambao, inavyoonekana, walipewa rangi ya farasi mmoja tu. Farasi huyo hupita mara nyingi. Yupo pia askari wa Bizanti, dola ya maadui zetu, mwenye ndevu nyekundu ambaye hufa katika kila sehemu, na sehemu inayofuata huwa amerudi kazini mzima kabisa, kama waziri.

Mimi nilisoma historia chuo kikuu huko Sofia, mji wetu mkuu, kwa hiyo niliona ni wajibu wangu kumharibia raha.

"Mjomba, khani wa karne ya tisa hawezi kuongea kama katibu wa chama."

"Wewe ulimsikia akiongea?"

"Na hizo kofia si za wakati ule."

"Kula pilipili, mpwa wangu. Zinapoa."

Mwana wa mjomba, Plamen, anaishi Stuttgart, Ujerumani, na kila Agosti humletea wajukuu wawili: Lora, ambaye yuko darasa la tatu, na Boyan, ambaye bado hajaanza shule. Tangu mke wa mjomba afariki, hizo ndizo wiki pekee ambazo nyumba ile husikika ikigombana. Lakini mwaka jana Plamen alipiga simu kabla hawajafika, akaongea kwa sauti ya barua ya benki. Mkewe Anke ameona watoto wanachoshwa na Shumen. Hakuna bahari, hakuna bwawa la kuogelea, hakuna chochote.

"Nikija kuwachukua nitawauliza wenyewe, baba. Wakisema hawataki, mwakani tunaenda Hispania."

Huko kwenye Ulaya ya maana, hata mtoto wa chekechea hupiga kura. Kwetu watu wazima hupiga kura, kisha hakuna anayeuliza walisema nini.

Nilimshauri mjomba awapeleke kwenye magofu ya ngome ya kale, nami niwaeleze tabaka za kuta. Alinitazama kwa huruma. Akachomoa diski zake za katuni kabatini, na hatima ya ukoo ikakabidhiwa farasi mmoja wa kahawia.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mjumbe wa Bizanti, aliyechorwa pua ndefu ili pasiwe na mashaka, anamuuliza khani kama atairudisha ngome. Khani hasemi neno. Anainua kidevu, anakishusha, anakiinua tena. Kisha vita vinaanza.

"Ni mwongo," Lora akasema.

"Nani mwongo?"

"Khani wako. Amekubali, halafu anawapiga."

Mjomba akasimamisha picha. Sijawahi kumwona akisimamisha picha, hata siku bomba la jikoni lilipopasuka.

"Amekataa, mjukuu wangu. Kichwa juu na chini ni hapana. Kushoto na kulia ni ndiyo."

"Baba hafanyi hivyo."

"Kichwa cha baba yako kimepata kibali cha kuishi Ujerumani."

Boyan alikuwa akitafuna. Ghafla kitu kikamfungukia. "Ndiyo maana yule mama wa dukani alirudisha aiskrimu yangu kwenye friji."

"Alikuuliza kama unaitaka?"

"Nikafanya hivi." Akainamisha kichwa na kukiinua, kama Mjerumani safi.

"Basi ulimkatalia, mjukuu wangu. Kesho tunakwenda kuirekebisha hiyo."

Kuanzia siku hiyo sheria ya nyumba ikawa moja: kwa babu, kila mtu anatumia kichwa cha khani. Waliulizana kutwa nzima kama wanataka maji, kama wanataka tikiti, kama Boyan ni punda. Yule askari wa ndevu nyekundu Lora alimpa jina la Günter, na wakawa wanashindana kutabiri atakufaje. Mimi nilikwenda kila jioni kwa ajili ya kusahihisha makosa tu, bila shaka. Nilisahihisha sehemu baada ya sehemu bila kuinuka kitini, na siku Günter alipoangukiwa na lango la ngome nilisahihisha kwa kucheka hadi machozi.

Mjomba hakucheka sana. Jioni moja, watoto wakiwa bafuni, alisema, "Nilipokuwa kama wao nilingoja vita. Siku hizi nangoja pale mama yake khani anapofunga hema, akabaki peke yake. Wamemchora vizuri yule."

Hapo sikusahihisha.

Plamen alifika na gari safi kupita barabara zetu zote. Tukakaa mezani. Mjomba alikata mkate ambao ulikuwa umeshakatwa.

"Haya," Plamen akasema. "Mnataka kuja tena mwakani?"

Watoto wakatazamana. Kisha wakapeleka vichwa kushoto na kulia, taratibu, kwa heshima yote ya khani.

Mjomba akainuka, uso umemwaka, akaenda kuleta rakia, pombe yake kali ya zabibu. Plamen naye akainuka, akatoka kibarazani na simu. Alijua vizuri kwamba vichwa vya watoto wake ni vya Kijerumani. Yeye mwenyewe alivilipia shule. Mjomba aliporudi, kupitia mlango wa kioo tulisikia Kijerumani kingi na neno moja tulilolijua: Mallorca, kile kisiwa cha Hispania. Akabaki amesimama na chupa mkononi.

"Anamwambia mama kwamba hatutaki," Lora akasema.

"Si umesema ndiyo?" mjomba akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimesema ndiyo." Akashuka kitini, akaufungua mlango. "Baba, acha simu."

"Lora, naongea na mama."

"Umekisoma kichwa vibaya. Kile kilikuwa cha hapa."

Plamen akamtazama, kisha akamtazama baba yake nyuma ya kioo.

"Nani amewafundisha?"

"Khani," Boyan akasema, mdomo umejaa mkate.

"Kwa hiyo mnataka kuja."

Vichwa viwili vikaenda kushoto na kulia. Na cha tatu, cha mtu mwenye kibali, kikafuata chenyewe, ingawa mke aliyekuwa upande wa pili wa simu hakuweza kukiona. "Anke," akasema, "usilipie kwanza. Nimetafsiri vibaya."

Mjomba akamimina rakia, nyingine ikaenda kwenye kitambaa cha meza.

Walipokuwa wakipakia mizigo, Lora alinyoosha mkono kuelekea kabatini. "Babu, tunaweza kuzichukua diski?"

Mjomba akainua kidevu, akakishusha, akakiinua tena.

Lora akashusha mkono. "Haya," akasema. "Basi usimwangalie Günter bila sisi."