Unga wa Muhogo Ndani ya Rejeta

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Butembo, na nina ugonjwa mmoja: injini za ndege za zamani. Nazisoma kwenye simu wakati wenzangu wanakunywa chai. Inayonikera kuliko zote ni ile ya ndege za jeshi la majini la Japani wakati wa vita: silinda kumi na mbili zimepinduliwa kichwa chini, zinapozwa kwa maji, muundo walioupata kwa Wajerumani. Kitu kizuri mno! Iliipa ndege pua nyembamba na mbio. Lakini mafundi wengi walizoea injini zinazopoa kwa upepo. Hii ya maji ikawashinda, ndege zikalala chini, na mwishowe wakubwa wakaamua ndege hiyohiyo ifungwe injini ya upepo. Kila nikifika hapo nachefukwa.

Nachefukwa kwa sababu nina mdogo wangu.

Mama aliuza shamba lake la kijijini, lote, ili mdogo wangu anunue lori kuukuu la Kijapani lililoingilia mpakani Kasindi. Lori likifa, mama hana kitu. Hilo tulilijua sote. Rejeta, ile ya kupozea maji ya injini, ilipoanza kuvuja, nilimwambia aipeleke ikachomewe. Akanicheka.

"Yaya," ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, "weye unajua bitabu. Mimi najua barabara. Bunga ya muhogo itafunga ile tobo, haina shida."

Ndivyo wanavyofanya yeye na madereva wenzake: kiganja cha unga ndani ya rejeta, maji ya mtaro juu yake, safari. Ikivuja tena, kiganja kingine. Nikamweleza kwamba maji yasipozunguka, injini itajipika yenyewe. Sikio la kufa halisikii dawa.

Injini ikafa mlimani, barabara ya Beni, lori limebeba viazi. Lilipovutwa hadi gereji ya Bulengera nilisimama nikimtazama fundi akifungua rejeta. Bugali! Bugali wa kijivu, umechacha, umechanganyika na kutu, ukatoka kwa matonge. Siku ile sikuweza kula. Kichwa cha injini kilikuwa kimepasuka, na yeye alikuwa anauliza kama unga ulikuwa kidogo.

Lori likauzwa kama chuma chakavu, akapata pikipiki. Kujifunza maji kumemshinda, amekimbilia upepo, kama wale wakubwa wa Japani.

Juzi alinibeba kwenda kumsalimu mama. Tulimkuta shambani kwake, yaani lililokuwa lake, akimpalilia mnunuzi maharagwe. Mdogo wangu hakushuka hata kushuka. Akagonga injini kwa kidole.

"Mama, angalia. Hii haiombe maji hata kidogo. Inapoa na mupepo tu."

"Mutoto yangu iko na akili," mama akasema, na alimaanisha. Akaweka jembe chini, akainama, akaanza kumfutia matope ya gurudumu kwa kitenge chake. Hakumaliza. Mwenye shamba alimpigia kelele arudi kwenye mstari wake, naye akakimbia.