Nyota za Nyumba ya Uani

Watu wengi hapa Sydney waliuona mwaka ule wa kufungiwa kama kifungo. Mimi, niseme kweli, niliona serikali imechelewa tu kunielewa. Miaka nenda miaka rudi mke wangu ananiburuta kama gunia kwenda kwenye harusi na nyama choma za watu, halafu ghafla anatokea kiongozi kwenye televisheni, suti safi, anaamuru kila mtu akae kwake. Nilivuta blanketi nikaitika amina. Hata ghala la hapa mtaani kwetu Minto nilimokuwa nikifungasha mizigo lilitupunguzia zamu, kwa hiyo nikawa na kazi moja tu ya kudumu: kulinda kochi.

Ila mke wangu hawezi kumwona mtu amekaa. Nyuma ya nyumba yetu kuna kijumba cha uani, chumba kimoja, jiko na bafu, ambacho mwenye nyumba wa kwanza alimjengea mama yake mzazi. Sisi tulikigeuza stoo ya masanduku na mashine ya mazoezi ambayo naomba nisiulizwe habari zake. Mke akaamua tukipangishe. Nilipouliza tutampata wapi mpangaji wakati huu wa korona, nikagundua amekwisha kumpata, na kwamba nilikuwa najulishwa, siombwi ushauri.

Mpangaji mwenyewe alikuwa mama. Si mama yangu, na kwa damu hata si mama wa mke wangu. Ni Mrundi mwenzake. Kule kambi ya wakimbizi ya Kigoma nyumba zao za turubai zilipakana, na mama mkwe wangu alipofariki, huyu jirani ndiye aliyemchukua mke wangu akamlea na binti yake mwenyewe. Kwa hiyo kwangu ni mama mkwe kamili, na sheria zake zote: simtanii, simkazii macho, wala sikai nikanyoosha miguu mbele yake. Yeye huniita mukwe, na akisema mukwe mimi husimama wima kama nimeitwa na mwalimu mkuu.

Alikuwa akiishi Villawood na yule binti, kwenye nyumba ya matofali ambayo kuta zake zilikuwa na ukungu mweusi kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Ukiufuta Jumatatu, Alhamisi umerudi. Ukungu ule ulimpa mama kikohozi, na kikohozi kile kilikuwa cha zamani kuliko korona, lakini nani angemsikiliza akijieleza ndani ya basi? Akikohoa mara moja, viti vinne vinabaki wazi. Akikohoa kliniki, anapelekwa kutiwa kijiti puani. Alitiwa kijiti mpaka akawa anawafundisha manesi wapya upande upi unauma kidogo. Daktari alimwambia wazi kwamba majira mengine ya baridi ndani ya kuta zile yangemlaza hospitali, na mwaka ule hospitali haikuwa mahali pa mtu wa mapafu yake kwenda kulala. Na hapo hapo mwenye nyumba ya Villawood akatangaza kwamba anauza. Baridi ilikuwa imeanza. Mama alitakiwa ahame, na ahamie mahali pakavu.

Ungedhani hapo mambo yamekwisha. Bado binti. Binti alikuwa anasomea uuguzi na alikuwa anakwenda kuishi karibu na hospitali ya mafunzo, ndiyo maana mama angekaa peke yake. Kiswahili anakisikia chote, mpaka cha umbea, ila majibu yake hutoka kwa Kiingereza. Akatuuliza kwa Kiingereza kama kijumba chetu kimewahi kupimwa joto. Akaeleza kwamba tangu wafike nchi hii mama yake amehamishwa kutoka friji moja kwenda friji nyingine, kila mwenye friji akiapa kwamba ndani mna joto zuri. Safari hii alitaka cheti cha mpimaji wa nishati, kinachoonyesha nyumba inatunza joto kiasi gani. Nikamjibu kwamba sheria ya huku haitulazimishi. Akaniita uncle, ingawa mimi ni shemeji yake, kwa sauti ya upole sana, na nikaelewa kwamba sheria ni yeye.

Tukampata mpimaji, Mwaustralia mmoja mstaarabu. Kwa sababu ya kufungiwa hakuweza kuja, angepima kwa video, na mimi niwe macho yake na mikono yake na, kwa bahati mbaya, magoti yake. Alieleza kwamba nyumba hupewa nyota, mwisho kumi. Nyota nyingi maana yake joto halitoroki wala halikugharimu sana. Mimi nikasema sawa, nyota, nikamwambia na mke wangu hivyo hivyo: leo tunapimwa nyota. Sikufikiri hata sekunde moja juu ya neno hilo.

Siku ya kupimwa nilijifunga kikoi, maana suruali yangu ya kazi ilikuwa inafuliwa, shati nikalivua nisilichafue, na kichwani nikajifunga kitambaa cheupe kuzuia vumbi. Nikapanda darini, nikatambaa, nikamwonyesha mpimaji giza lote alilotaka kuona, nikashuka na utando wa buibui ndevuni. Kisha akataka kujua upepo unapenyea wapi. Akauliza kama nina kitu chembamba cha kutoa moshi, nikipitishe polepole pembeni mwa milango na madirisha. Moshi ukiyumba, pana tundu.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu udi ni kama chumvi, haukosekani ndani. Nikawasha kijiti cha udi nikaanza kazi. Kila pembe mpimaji ananiuliza dirisha hili linatazama upande gani, nami, kwa kuwa simu niliiegemeza mbali juu ya sanduku, nilikuwa nikijibu kwa sauti nzito, kwanza kwa Kiswahili ili nisikosee, halafu kwa Kiingereza. Mashariki. Kaskazini. Hapa panavuta. Hapa pamefungwa.

Kumbe nyuma yangu mke wangu naye ameshika simu yake. Alikuwa na mama hewani, anamwonyesha kwa furaha chumba chake kipya: jiko lile pale, bafu hili hapa, na huyu hapa mkwe wako.

Hebu jiweke mahali pa mama. Mlokole, mwombaji wa kila alfajiri. Anamwona mkwe wake, mtu wa Tanga, mji ambao hata Tanzania kwenyewe ukiutaja watu wanawaza uganga, wanakutazama mara mbili, yuko kifua wazi, kikoi kiunoni, kilemba cheupe kichwani, anazunguka chumba na moshi wa udi, anazungumza na pembe za nyumba. Akauliza anafanya nini. Na mke wangu, kwa fahari kabisa, akamjibu:

"Anapima nyota ya nyumba, mama."

Simu ilikatika. Mke wangu alidhani ni mtandao.

Jioni ndipo tulipojua. Kundi la akina mama la maombi hukutana kwenye simu, wengi wao wako Blacktown, na mke wangu ni mmoja wao. Alikuwa anamenya viazi, simu mezani, nami niko kwenye kochi langu, nikasikia sauti ya mama ikiomba dua ya kumfungua kijana mmoja aliyerudia mambo ya kwao. Hakutaja jina, ana adabu zake. Alitaja Tanga tu. Na kilemba. Wenzake wakaitikia kwa nguvu. Ni jambo geni sana kukaa kwenye kochi lako unatolewa pepo na watu ambao wengine wamekula pilau yako. Mke wangu alizima maikrofoni, akaweka kisu chini, akacheka mpaka viazi vikamwagika. Mimi nilicheka pia, lakini si kwa muda mrefu, kwa sababu baada ya dua mama alipiga simu.

Alimwomba mke wangu anipe simu, jambo ambalo halikuwa la kawaida kati yetu. Nikasimama.

"Mukwe wangu," akasema, "miye sikatai nyumba. Nakataa nyota. Nilitoka mu vita na Yesu, nikafika hapa na Yesu. Sitalala mu chumba chenye muganga amesoma nyota yake. Heri nikohoe."

Akakohoa, si kwa kusudi.

Nilijieleza. Ukitaka kujua Kiswahili chako kina mashimo mangapi, mweleze mama mkwe wako kwamba nyota si nyota. Nilisema ni alama. Akauliza alama ya nani. Nilisema ni kipimo cha joto, akauliza mbona nilifukiza. Nilisema udi ulikuwa kwa ajili ya upepo, na hapo hapo nikajisikia mwenyewe nilivyosikika. Binti alijitosa kusaidia, akamwambia mama yake kwamba hata hoteli zina nyota. Mama akamjibu ndiyo maana yeye hajawahi kulala hotelini.

Siku zikawa zinakwenda. Villawood masanduku yalikuwa yamefungwa na mama hana mahali pa kuyapeleka, na ukungu haukuwa na habari kwamba nyumba inauzwa. Binti alimtafutia chumba kwingine, akapata kimoja chenye ukungu wa kijani badala ya mweusi. Usiku mke wangu hakuwa anacheka tena. Alikuwa akisema huyu mwanamke alimpa uji kabla ya kumpa mtoto wake wa kumzaa, na sasa atakwenda kulazwa kwa sababu ya kijiti cha udi.

Ndipo cheti kikaja. Nilikifungua nikitegemea angalau sifa ndogo, maana kijumba nilikipaka rangi mwenyewe. Nyota mbili. Mbili, kati ya kumi. Nilitaka kukificha nyuma ya mashine ya mazoezi, mahali ambapo hakuna mtu angefika, lakini mke wangu alikwisha kukiona. Akampigia mama, akaweka simu mezani, akaanza kumsomea yote kwa Kiswahili, hata pale nilipomkanyaga mguu. Darini juu ya kitanda hakuna pamba ya kuzuia baridi, hata kipande. Chini ya mlango pana upenyo wa kupitisha sahani. Pazia ni jepesi kama kanga. Feni ya bafuni inatoa mvuke bafuni na kuumwaga darini, na hivyo ndivyo ukungu unavyozaliwa. Dawa yake: pamba ya darini, mpira wa kuziba chini ya mlango, pazia zito, bomba la kupeleka mvuke nje. Vyote vinapatikana duka la vifaa vya ujenzi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuhoji, taratibu, kama hakimu.

"Huyo mupimaji hakusema kuna mutu anamuonea mukwe wivu?"

"Hapana, mama."

"Hakuomba kuku?"

"Hakuomba kitu. Tumemlipa kwa benki."

"Mukwe amemulipa pesa yake, na yeye akamuambia nyumba yako ni mbaya?"

"Mbaya sana, mama," mke wangu akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikasikia kicheko kinamkaribia. "Amempa mbili kwa kumi."

Upande wa pili kulikuwa na mlio ambao tulidhani ni kikohozi. Kilikuwa kicheko, kikohozi kikafuata baadaye. Alipopata pumzi akasema huyo si mganga. Maishani mwake hajamwona mganga anayechukua pesa ya mtu kisha akamwaibisha na kumtuma dukani kununua mpira. Mganga angesema nyota yako inang'aa, jirani ndiye anaifunika. "Mwambie mukwe aweke hiyo pamba," akamaliza, "mimi nakuja."

Nilikaa chini bila kuruhusiwa. Sijawahi kufurahia kufeli mtihani kiasi kile, na mimi mitihani ya kidato cha nne naijua kutoka upande wa chini.

Pamba ya darini inawasha. Hakuna aliyeniambia. Nilitambaa kule juu nikiwa nimevaa kila nguo niliyo nayo, safari hii suruali, mke wangu akisisitiza suruali, nikaitandika kuanzia juu ya kitanda mpaka ukutani, nikashuka najikuna mpaka mahali ambapo mbele ya mama mkwe hapatajwi. Mlango nikauwekea mpira, bafuni bomba, dirishani pazia zito kama zulia. Nikamtumia mpimaji picha zote. Akarudisha cheti kipya, nyota sita, na ujumbe wa kunipongeza ambao nilimsomea mke wangu mara mbili kwa siku.

Mama alihamia asubuhi moja ya baridi kali, barakoa usoni, chupa ndogo ya mafuta mkononi. Hakuwa anabahatisha. Aliombea kila pembe kabla ya kuweka sanduku chini, akapaka mafuta miimo ya mlango na, kwa kuwa upo, mpira wenyewe. Nadhani Minto nzima hakuna mpira wa mlango mwingine uliopakwa mafuta matakatifu. Upako ule mpimaji hakuuhesabu, lakini mpira unaziba vizuri ajabu.

Wiki za kwanza nilikuwa naamka nasikiliza kutoka jikoni kwangu, dirisha nimelifungua kidogo, nikingoja kile kikohozi. Nilisikia sufuria. Nilisikia tenzi, za sauti ya juu, maana alikuwa na pumzi ya kuzimaliza. Kikohozi kilipungua kama mgeni anayeaga polepole, mpaka siku moja mke wangu akasema hajampeleka kutiwa kijiti tangu alipohamia, na tukatazamana kama watu walioshusha mzigo wakasahau kunyoosha mgongo.

Asubuhi moja nilipotoka kutupa taka nilimkuta amesimama mlangoni kwake na kitenge kimoja tu, mikono wazi, mvuke wa chai nyuma yake. Mimi nilikuwa nimevaa koti, kofia na soksi mbili mbili, na hapo natoka ndani ya nyumba yangu, si barabarani. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini kwa huruma ambayo sikuitegemea kwake.

"Mukwe," akasema, "kwenu kuko baridi. Kwa nini humuiti ule mutu wa nyota aje apime na kwako?"

Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba naogopa majibu. Akaingia ndani, akatoa kiti, akakiweka pale pale kizingitini, nusu ndani nusu nje, ili nipate joto bila kuvunja adabu. Nikakaa. Miguu sikunyoosha.