Korongo wa Simiyu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka meno bado yanasagana. Nilikuwa nimesimama sebuleni kwa watu, Bungoma, nikisikiliza mwenzangu akisifiwa. Wazee wengi watakuambia kwamba wivu ni ugonjwa wa ujana na kwamba wao walishapona. Usiwaamini sana. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilikuwa msichana nikijifunza uchoraji kwa Fundi Idi, mzee aliyekuwa na karakana karibu na msikiti mjini Kitale. Kazi yetu kubwa ilikuwa mabango ya hoteli na ya maduka ya nyama. Picha za kupamba nyumba zilikuja mara mojamoja. Mimi ndiye niliyetangulia kufika pale, kisha akaja Simiyu, kijana wa Chwele, upande wa Bungoma, mpole, mwenye mkono wa polepole. Mimi mwenyewe nilimfundisha kuosha brashi. Muda si muda akawa anachora ndege, na wapita njia wakawa wanasimama mlangoni kuwatazama. Mlango huohuo nilikuwa nimeukalia siku zote na hakuna aliyesimama kwa ajili yangu. Watu walisema chanda chema huvikwa pete. Nami nikabaki kujiuliza changu kina ubaya gani.

Basi wakaja mume na mke waliokuwa wamejenga Bungoma. Mume, Mwalimu Wanjala, alikuwa mtu wa hukohuko. Mkewe, Jerono, alitoka Kachibora, upande wetu wa Kitale. Walitaka picha kubwa ya ukuta wa sebule: Mlima Elgon, mto, miti, na korongo wenye taji. Fundi akagawa kazi. Mimi mlima na anga, Simiyu mto na ndege. Na katika karakana ile mchoraji hakuandika jina lake kwenye picha. Pembeni iliwekwa alama ya karakana tu. Aliyejulikana alijulikana kwa midomo ya wenzake. Shika hilo, maana ndilo lililonifunga.

Nilichora mlima kama nilivyouona tangu utotoni, jua likizama nyuma yake. Simiyu akautazama, akasema taratibu, "Nafula, kwetu jua halizami hapo, bana. Na hao watu wanakaa kwetu."

Nikamwambia achunge kuku wake. Niliwaita korongo wale kuku, huku nikijua wazi kwamba sijawahi kuona ndege wa rangi wakapendeza vile. Taji zao alizipiga unyoya mmoja mmoja, nami kila nikipita na kopo la rangi nilitamani mkono uniteleze. Haukuteleza. Lakini nilitamani.

Tukaipeleka picha Bungoma kwa pikapu, tukaitundika. Mama yake mwalimu, kikongwe tuliyemwita kukhu, yaani nyanya, alikuwa amekuja kutoka Matulo kuiona nyumba mpya. Aliwatazama korongo muda mrefu, akacheka peke yake, akauliza ni nani aliyewachora. Simiyu akainamisha kichwa. Haikuwa adabu ajitaje mwenyewe. Ilikuwa zamu yangu kumtaja.

"Ni kazi ya karakana, kukhu," nikajibu haraka.

Kikongwe akainuka, akasogea karibu na ukuta, akaweka kidole chini ya mlima. "Na hii jua?" akauliza. "Mimi nimezeeka huku, sijaona jua ikilala nyuma ya mlima. Nani amechora hii?"

Mwalimu akakunja uso. Alisema picha irudi Kitale mlima ukafutwe, la sivyo haichukui. Mlima wangu ufutwe, na korongo wa Simiyu wabaki wakisifiwa ukutani. Hilo ndilo lililoniuma, mwanangu, wala si aibu ya kukosea. Nikangoja Simiyu aseme kwamba alinionya nami nikakataa kusikia. Ningekuwa mimi, ningesema.

"Ni sisi, kukhu," Simiyu akajibu. "Tutarekebisha."

Hapo Jerono, aliyekuwa akimimina chai, akaweka birika chini. Alisema kwao Kachibora jua huzama vivyo hivyo, upande wa mlima, na tangu aolewe hajaliona likizama hivyo. Akaomba lisiguswe. Kukhu akamtazama mkaza mwanawe, kisha akarudi kuketi.

"Wacha ikae," akamwambia mwanawe. "Kwani bibi yako huyu hakutoka mahali?"

Picha ikabaki. Ungedhani nilifurahi, lakini nilinuna njia nzima mpaka Kitale, kwa kuwa mlima wangu uliponea kwenye huruma ya mtu, na korongo hawakuhitaji huruma ya yeyote. Nilidhani adui yangu ni Simiyu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Tulipofika nikamweleza Fundi Idi yote, nikitarajia anipe pole. Alikuwa akisafisha brashi kwa tapentaini na hakuinua macho.

"Sifa ya mwenzako umeipa karakana," akasema. "Lawama yako yeye ameifanya yenu. Sasa binti yangu, kati yenu wawili nimwachie nani funguo za karakana?"

Na alipochoka kazi, funguo alimwachia Simiyu.

Tumezeeka sasa, mimi na huyo Simiyu, na bado anachora ndege kunishinda. Majuzi Jerono alitualika kwake, mjukuu wake alipokuwa akiolewa. Kijana mmoja wa Bungoma akasimama mbele ya picha ile, akaniita kama nyanya yake, "Shosho, hawa ndege umewaweza, si mchezo." Simiyu hakuwa karibu, na hakuna ambaye angejua.

"Hao ni wa Simiyu, yule wa Chwele," nikasema. Jina lilitoka chungu kama mwarobaini. Lakini lilitoka, na kijana akaenda kumtafuta uwanjani ampe mkono. Nikabaki peke yangu na jua langu.

Kwa hiyo sikuambii usione wivu, mwanangu. Utauona, hasa kwa yule mnayeshika naye kazi moja, na huenda ukazeeka nao kama mimi. Ninachokuomba ni kimoja. Mwenzako akisifiwa na yeye hawezi kujitaja, mtaje wewe, kwa jina lake na la kwao, mara ya kwanza unapoulizwa. Usingoje moyo ukubali, moyo una visingizio vingi. Tanguliza mdomo.

Mungu akujalie mkono unaojua kazi, na ulimi usioona uzito kulitaja jina la mwenzako. Na siku utakapokuwa umeinamisha kichwa usiweze kujisemea, akuwekee kando yako mtu wa kukutaja.