Nilivyosomeshwa Takwimu na Mama Mkwe

Naomba nikiri mapema kwamba mpaka leo nikipita karibu na ukumbi wa kanisa pale Bukiriro huwa naongeza mwendo wa pikipiki, maana kuna watu pale wakiniona tu wanachezesha vidole hewani kama wanaopiga kinanda, halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na siwezi kuwalaumu, ningekuwa wao ningecheka zaidi. Lakini bila ile aibu mimi leo nisingekuwa na shahada ya uzamili, kwa hiyo chekeni, ila mkimaliza mnisaidie kumshukuru mama mkwe wangu.

Mimi ni bwana shamba wa kata ya Nyamahanga, Biharamulo, Msukuma wa kuzaliwa Kaniha, na nimeoa Ngara, Bukiriro, kwa Wahangaza. Mke wangu anaitwa Editha. Miaka michache iliyopita nikaingiwa na tamaa ya kusoma (wenzangu huingiwa na tamaa ya pombe, mimi ikawa kusoma), nikajiandikisha shahada ya uzamili ya kilimo katika chuo kimoja cha mbali, na utafiti wangu wa mihogo na samadi nikaufanyia ukweni, kwa sababu wakulima wa kule walinipa vipande vya mashamba yao kwa moyo mweupe kabisa. Kulima tulilima, kuvuna tulivuna, kupima tulipima. Shida ikaja kwenye takwimu. Msimamizi wangu alinirudishia sura ya nne ya tasnifu mara mbili, na mara ya pili akaandika kwamba muda wangu wa masomo unaisha, nikishindwa kuutetea utafiti safari hii ndiyo basi tena, nitafute mtu wa takwimu anisaidie haraka.

Nikatazama video za mtandaoni mpaka bando likaisha na kichwa kikaniuma. Editha alikuwa anachambua maharage, akaniambia bila hata kuinua uso, "Si umwombe mama?"

Kwamba mama yake alifundisha takwimu chuoni maisha yake yote ya kazi kabla ya kustaafu na kurudi kwenye kahawa na migomba yake, hilo nililijua. Lakini jamani, ni mkwe! Kwetu mimi nilivyolelewa, mama mkwe ukikutana naye njiani unaingia majanini kumpisha. Humtazami usoni, hukai naye benchi moja, huli mbele yake, na zaidi ya yote humbishii. Sasa mtu wa namna hiyo utamuulizaje swali la kijinga? Na mimi maswali yangu yote yalikuwa ya kijinga.

"Basi usihitimu," Editha akasema, akaendelea na maharage yake.

Nikaenda. Mama alinipokea kwa sauti ya furaha (uso sikuuona, nilikuwa natazama chini), akasema tangu astaafu alikuwa anatamani mtu wa kuongea naye hesabu, majirani wote wanaongea bei ya kahawa tu. Tukapanga utaratibu ambao nadhani haujawahi kutumika chuo chochote duniani. Yeye anakaa sebuleni, mimi nakaa barazani chini ya dirisha, nimeegemea ukuta, nasikia sauti tu. Panapohitajika kuandika, anaandika kwa chaki kwenye mlango wa chumba uliopo sebuleni, akimaliza anakohoa, anatoka kwa mlango wa nyuma, ndipo naingia kunakili, nikimaliza nakohoa na mimi, natoka, yeye anarudi. Nusu ya kipindi ilikuwa ni kupishana na kukohoa, mpaka jirani mmoja akamuuliza Editha kama mumewe ameshapelekwa hospitali kupimwa kifua.

Siku ya kwanza akanieleza kwa muda mrefu, taratibu, kwa mifano, kisha akauliza kupitia dirishani, "Umeelewa, baba?"

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi ule mdogo. Sikuwa nimeelewa hata chembe. Lakini kumwambia mkwe kwamba sijaelewa niliona ni sawa na kumwambia kwamba ameeleza vibaya, nikajibu kwa adabu zote, "Nimeelewa, mama."

Basi Jumamosi iliyofuata, kwa kuwa nimeelewa, akaanzia palepale alipoishia na kupanda juu zaidi. Na iliyofuata hivyohivyo. Alipofika kwenye kitu anachokiita mwingiliano, yaani kwamba samadi na aina ya udongo vinatazamwa kwa pamoja, mimi nilikuwa naitikia tu kama mtu asiyejua Kilatini kwenye misa ya Kilatini, wakati mwingine nasema nimeelewa kabla hata hajauliza. Mlangoni nilinakili kila alama kwa uaminifu mkubwa, nikaziingiza kwenye kompyuta, nayo ikanipa majedwali mazuri yenye namba, na Mama akamwambia Editha kwamba mumewe ana kichwa chepesi. Editha alinipa habari hiyo kwa fahari, nikajificha nyuma ya kikombe cha chai.

Halafu Mama akaja na wazo. Kabla sijaenda kutetea chuoni, wakulima walionipa mashamba waambiwe kwanza majibu, ni haki yao, na yeye ameshaongea na paroko, ni Jumapili ukumbini baada ya misa. Nilitaka kukataa, lakini humbishii mkwe, si nimeshawaambia?

Jumapili ukumbi ulijaa. Mimi nimevaa suti ya harusi yangu (kifungo cha tumboni nilikiacha wazi, ndoa imenikubali), mbele yangu wakulima, nyuma yangu, kwenye jukwaa, vyombo vya kwaya. Mama alikaa benchi la mwisho kabisa ili tusitazamane. Nilianza vizuri, nikaeleza upandaji na nafasi za mashimo, watu wanatikisa vichwa, nikajisikia mtu. Kisha nikabandika jedwali ubaoni. Mbele ya neno samadi palikuwa na namba yenye alama ya kutoa, na mimi kwa akili yangu alama ya kutoa ni kupungua, nikapanua mdomo nikatangaza, "Kwa hiyo ndugu zangu, utafiti umeonyesha kwamba samadi inapunguza mihogo."

Akasimama Mzee Rusengo, ambaye shamba lake liko juu mlimani kwenye udongo wa kichanga.

"Bwana shamba, unasema samadi inahalibu mihogo?"

"Ndiyo hivyo, mzee wangu. Takwimu zimesema."

"Siku ya kuvuna si ulishindwa kubeba muhogo wangu mmoja, ukaniomba nikusaidie? Ule haukuwa na takwimu?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Mama mmoja akasema amebeba samadi kichwani msimu mzima kwa ajili yangu, sasa anaambiwa alikuwa anajihujumu, na mwanaume mmoja nyuma yake akasema kesho anaitoa yote shambani akaitupe. Mimi nabaki kurudia takwimu, takwimu, kama redio iliyokwama.

Ndipo nikasikia kikohozi. Nilikijua kikohozi kile. Maana yake ni kupishana, na mwili wangu ukaanza kutii kabla kichwa hakijashauriwa. Mama alikuwa amesimama, anakuja katikati ya mabenchi moja kwa moja hadi ubaoni, na chaki mkononi (nadhani alitoka nayo nyumbani, mwalimu ni mwalimu). Mlango pekee ulikuwa nyuma yake. Akija hatua moja, mimi narudi nyuma hatua moja, akifika ubaoni mimi nimeshapanda jukwaani kinyumenyume, nimeinamisha kichwa kwa heshima, narudi tu, narudi tu, mpaka nikakaa. Nikakaa juu ya kinanda cha kwaya.

Kinanda kililia kama ng'ombe aliyekwama matopeni, kisha chenyewe kikaanza kupiga mdundo wa nyimbo za matoleo. Nikaruka. Mwalimu wa kwaya akaja mbio akabonyeza kitufe, mdundo ukaongezeka kasi. Akabonyeza kingine, zikaja na tarumbeta. Bibi mmoja aliyekuwa amesinzia benchi la mbele akaamka, akafungua fundo la kitenge chake na kuanza kucheza kuelekea mbele akitafuta kikapu cha sadaka, na hapo ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Paroko alijifunika uso kwa mikono miwili. Mwishowe ikabidi kinanda king'olewe kwenye betri.

Kilipotulia, Mama akanigeukia mbele ya watu wote.

"Baba, siku ya kwanza ulielewa?"

Nikatazama viatu vyangu. Bado ningeweza kusema nimeelewa, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nikamfikiria yule anayetaka kutupa samadi kesho, nikafikiria na wiki ijayo mbele ya maprofesa ambako hakuna wa kukohoa aniokoe.

"Hapana, mama."

"Na siku ya mwisho?"

"Mama, hata leo."

Nilisubiri akasirike. Badala yake nikasikia anacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo, akasema, "Kumbe nilikuwa nafundisha mlango!"

Kisha akafanya kitu ambacho sitakisahau. Aliwaomba wakulima wangu wasimame, wenye mashamba ya bondeni kushoto, wenye mashamba ya mlimani kulia, na kila upande waliotia samadi wasogee mbele, waeleze walichovuna. Wa mlimani waliotia samadi walivuna mihogo minene, wenzao wasiotia wakavuna vijiti. Wa bondeni, kwenye udongo uliokwisha kushiba, waliotia samadi walipata majani mazuri ya kutazama na mizizi midogo kuliko ya wenzao wasiotia. "Ile namba yako ya kutoa ni ya hawa wa bondeni peke yao," Mama akasema, "kwa sababu ndio uliowaweka kuwa kianzio cha kulinganishia wengine. Wa mlimani unawasoma kwa kuongeza namba ya mwingiliano, ile uliyoiruka." Nikawatazama wale watu waliosimama, nikatazama jedwali, na nawaambieni ukweli, macho yalinijaa machozi, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa naona. Mzee Rusengo alirudi kukaa kwa madaha, samadi yake imeshinda kesi.

Wakati watu wanatawanyika, Mama aliongea nami akiwa ameangalia upande wa dirisha, ili tusivunje kila kitu siku moja. "Adabu yako naiona, baba, na nakushukuru. Lakini heshima ninayoitaka mimi ni uniambie usichokijua." Wiki ile nilichukua likizo nikahamia Bukiriro, tukaanza upya tangu somo la kwanza, mimi barazani, yeye sebuleni, na sharti likawa kwamba nisiposema sijaelewa hakuna chai. Nilikunywa chai nyingi sana.

Chuoni, swali la kwanza kabisa la maprofesa lilikuwa kwa nini namba ya samadi ina alama ya kutoa. Nusura nicheke. Niliwaeleza bonde na mlima mpaka wakaacha kuandika. Swali jingine sikulielewa, nikasema, "Sijalielewa swali, naomba unielezee tena," na kumbe hakuna aliyekufa, akarudia, nikajibu. Nikapita, na marekebisho madogo.

Nilikwenda moja kwa moja Bukiriro na doti ya vitenge na boksi la chaki. Nikasimama barazani mahali pangu, chini ya dirisha, nikasema, "Shikamoo mama. Nimefaulu."

Mara kikohozi. Nikasubiri kidogo atoke kwa mlango wa nyuma kama kawaida, ndipo nikaingia, nikamkuta hajaondoka. Alikuwa amesimama pembeni ya mlango wetu, hesabu zetu bado zipo, amekataa zifutwe, na ameninyooshea mikono yote miwili. Nikapiga goti nikaipokea, nikasema asante, na nilipoinua macho nikamwona uso kwa mara ya kwanza tangu nioe. Ni Editha mtupu.

"Umekula, baba?" akaniuliza.

Zamani ningejibu nimeshiba, mama, hata kama utumbo unaunguruma. Nikamwambia hapana, mama, nina njaa tangu asubuhi.