Picha ya babu niliyompelekea bibi Isevya

Leo nimemliza bibi yangu, na sijui nitamtazamaje tena.

Mafuriko yalipoingia nyumbani kwake Isevya, yalibeba picha pekee ya marehemu babu akiwa na sare za jeshi.

Basi mimi na ujuaji wangu nikaingia mtandaoni, kwenye zile picha za kale za wanajeshi ambazo ni bure kwa kila mtu. Nikampata, na masikio yake yale yale! Nikaisafisha, nikaitia fremu.

Bibi akaipokea kwa mikono miwili.
Akaipangusa kwa khanga.
Akalia.

Shangazi akachungulia: "Mama, huyu si baba!"

Bibi wala hakugeuka.

"Najua. Itundikeni tu. Sura ya baba yako hata mimi imeshanitoka."

Nimeshika nyundo hapa, jamani. Nyie mngegonga huo msumari?