Behewa Nililomsafishia Padri

Shule niliishia darasa la nne, lakini trekta likigoma Katesh naitwa mimi, siyo injinia. Juzi kwenye simu nikamwona mzee wa Ayalandi akipaka kutu ya rangi kwenye behewa jipya la treni ya mfano, ili lifanane na la zamani la kwao. Nikakaa chini.

Nilipokuwa mtoto, padri wetu kule Tlawi alitoka Ayalandi, na mama alikuwa mpishi wake. Mezani alipanga kichwa cha treni na mabehewa yasiyozidi kiganja, na chumba kilinuka tapentaini. Kila alasiri aliyainamia na brashi yake, lakini yalibaki na kutu na masizi, nami nikajua uchafu umemshinda. Kwetu sufuria yenye masizi ni aibu. Siku alipokwenda kumpaka mgonjwa mafuta, nikachukua majivu na gunzi, nikasugua behewa moja mpaka likang'aa kama kijiko.

Aliporudi nikamwinulia. "Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Limetakata!"

Aliligeuza, akaligeuza tena. "Nililipaka nikikumbuka behewa alilopakia makaa baba yangu," akasema polepole.

Mama akaingia na chai, akaona majivu. "Wewe! Nani kakutuma?"

"Mwache, mama. Amefanya kazi."

Leo gia iliyosagika naichonga upya, lakini rangi ile hakuna fundi wa kuirudisha, na padri alishazikwa. Siku ile niliona macho yake yamejaa maji, nikadhani nimeacha doa. Nikamnyang'anya behewa, nikaendelea kusugua.